Mifuko ya Kaki na Uzi wa Kijani

Mfuko wenyewe haukuwa na uzuri wa kumgeuza mtu shingo. Ulikuwa wa kaki, kitambaa kile kile cha kaptura za wanafunzi, una vishikio viwili vilivyorudiwa kushonwa ili visikatike mtu akibeba viazi, na kitako kipana cha kuusimamisha sakafuni. Basi. Hauna ua, hauna maandishi, hauna zipu. Lakini mtaa mzima ulikuwa nao. Muuza mkaa alikuwa nao. Mke wa daktari wa meno alikuwa nao. Mabinti wa saluni walitia humo mataulo na vitana, na fundi baiskeli, mwanamume mzima na ndevu zake, aliutundika wake kwenye usukani umejaa spana.

Yote hiyo ilitoka chini ya sindano moja, ya mjane fundi cherehani waliyemwita Bi Pindo. Jina alibandikwa na wateja wake, kwa sababu hakuwahi kuiachia nguo itoke kibarazani kwake na pindo la mstari mmoja. Umpelekee gauni, umpelekee kitambaa cha kufutia meza, atakunja mara mbili na kushona mara mbili, nawe ungoje. Ukimharakisha alikuwa akisema kwamba pindo ni kama neno la mtu, likikunjwa kwa haraka huja kufumuka mbele za watu.

Mifuko ilikuwa ya kikundi cha akina mama kilichoitwa Mkono wa Kushoto. Watu wengi walilicheka jina hilo mara ya kwanza kulisikia. Mkono wa kushoto, jamani, mkono ambao hata salamu haupewi! Mama Pacha, mwanachama mwenye ulimi mwepesi kuliko wote, alikuwa na jibu lake tayari mdomoni.

"Ndiyo huo huo. Wa kulia ukitoa, wa kushoto haujui. Sisi ndio tusiojua. Nunua mfuko uende zako."

Na ilikuwa kweli. Wanawake wale ishirini na wawili walisaidia wagonjwa waliolazwa majumbani, wajane, wazee waliobaki peke yao na paka. Kila Jumamosi asubuhi walipeleka unga, maharage, sukari, sabuni, na kwa wengine dawa alizozitafuta Nesi, ambaye naye alikuwa mwanachama. Lakini hakuna aliyejua ni nani anayesaidiwa, na ujanja wote ulikuwa katika mfuko. Waliuza mifuko ili kupata fedha za kununulia unga, na kadiri walivyouza ndivyo walivyozidi kujificha, maana mfuko wa kununua na mfuko wa kupelekewa ulikuwa mmoja. Ukimwona mama na mfuko wa kaki mlangoni kwa mtu, hujui kama umetoka sokoni au umetoka kikundini.

Tena hawakuishia hapo. Jumamosi nyingine Bi Pindo alibeba mfuko hadi kwa mke wa daktari wa meno, mtu asiyehitaji hata chumvi ya jirani, na ndani mna magazeti ya zamani na kabichi moja. Mke wa daktari, aliyekuwa ameambiwa mchezo, aliupokea mlangoni kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, akashukuru, akawaombea dua ndefu, akaingia ndani kuikatakata ile kabichi. Hivyo ndivyo walivyopoteza nyayo, hata wabebaji wenyewe wasijue mfuko upi ni wa kweli.

Majina ya waliosaidiwa kweli hayakuandikwa popote. Yalikaa katika vichwa viwili tu, cha Bi Pindo na cha mwenyekiti. Siri ya mtungi aijuaye kata, na hapa kata zilikuwa mbili.

Mwenyekiti huyo walimwita Bi Hodi, kwa sababu hakukuwa na mlango uliowahi kumshinda. Alipiga hodi kwa mwenye duka la jumla, akapiga hodi kiwanda cha sabuni, akapiga hodi kwa meneja aliyekwisha kusema asisumbuliwe, na kila mara alitoka na kitu. Yeye na Bi Pindo waliolewa mtaa mmoja mwaka mmoja. Walizaa wakipokezana, huyu akitoka hospitali yule anaingia, na nguo za watoto zikahama nyumba hii hadi ile mpaka zikawa matambara. Mume wa Bi Pindo alipofariki, Bi Hodi alihamia na kitanda chake, akalala naye chumba kimoja wiki sita, akimlisha uji kwa kijiko kama mtoto. Kwa hiyo Bi Pindo alipokuwa akisema "mwenzangu", hakuwa anatafuta neno la adabu. Alikuwa anasema kweli.

Sasa, katika waliosaidiwa kweli alikuwemo Mwalimu.

Mwalimu alifundisha darasa la kwanza miaka thelathini na minane. Nusu ya mtaa ilishika penseli ya kwanza ndani ya kiganja chake, Bi Pindo akiwemo, na Bi Hodi akiwemo, dawati moja. Hakubahatika kupata mtoto. Mpwa aliyekuwa akikaa naye alihamia mbali kikazi, mwanzoni akipiga simu kila wiki, halafu kila mwezi, halafu ndiyo hivyo. Macho nayo yakaingia ukungu. Alikuwa akiona mwanga, akiona mtu anapita, lakini sura hakuiona tena, na kilichobaki cha pensheni yake kilikwenda kwenye matone ya macho.

Bi Pindo aligundua siku alipompelekea mapazia aliyoyakata marefu yawe mafupi. Mwalimu aliomba radhi, akasema siku hiyo hanywi chai, tumbo halitaki. Bi Pindo alipoingia jikoni kutafuta maji ya kunywa, alikuta sufuria zote zimefunikwa kifudifudi, zimekauka, zimepangwa kwa ukubwa wake, na kwenye jiko buibui ametanda utando kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Buibui hatandi palipopikwa jana.

Alimwomba aingie kwenye mpango wa mifuko. Mwalimu akakataa. Akarudi baada ya wiki, akakataliwa. Mara ya tatu Mwalimu alimketisha mbele yake kama anayetaka kumkagua kucha.

"Mtoto wewe, sikiliza," alimwambia, na Bi Pindo wakati huo ana wajukuu watano. "Mimi nimewafuta kamasi watu wote wa mtaa huu. Siwezi kuzeeka nikawa maskini wao. Nani atajua?"

"Mimi na mwenyekiti. Basi."

"Niapie."

Bi Pindo akaapa kwa kaburi la mumewe. Mwalimu akakitafuta kidole gumba chake kwa kupapasa, akakiweka kati ya vidole vyake viwili, kama alivyokuwa akifanya kuwafundisha watoto kushika penseli, akakibana kidogo, akasema haya. Tangu siku hiyo mfuko ulikwenda kwake kila Jumamosi, mwaka mzima na miezi yake, na hakuna ndege aliyejua.

Jumanne moja Bi Hodi alifika kibarazani na kibunda kidogo cha uzi wa kijani. Alikataa kiti. Alikataa chai. Alisema ana haraka, anatakiwa mahali, na kwamba anaomba mifuko kumi na minne ya safari hii itiwe alama ndogo, mstari wa urefu wa kidole tu, chini ya kishikio. Wasichana wapya wanaojaza mifuko, alisema, wanachanganya. Juzi dawa ya kisukari imekwenda kwenye kabichi ya mke wa daktari wa meno. Alama itawasaidia kujua mifuko ipi ni ipi.

Bi Pindo aliuliza jambo moja tu. Je, haitaonekana?

"Nani anachungulia chini ya kishikio cha mfuko?" Bi Hodi alicheka. "Kijani juu ya kaki ni kama jani kwenye nyasi kavu. We shona. Lakini shona imara, mwenzangu, isije ikafumuka."

Kumwambia Bi Pindo ashone imara ni kumwambia samaki aloe. Mashine haikuweza kufika vizuri pale chini ya kishikio, kwa hiyo alishona kwa mkono, mshono wa kurudi nyuma, hatua ndogo ndogo kama punje za mtama, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi. Ilimchukua siku mbili. Alipomaliza alivuta uzi wa kila mfuko kwa kucha, ukagoma, akafurahi. Jumamosi, mmoja wa mifuko hiyo aliupeleka kwa Mwalimu kwa mkono wake mwenyewe.

Mwezi ule ule ilikuwa hafla ya mwaka. Hafla ya Mkono wa Kushoto haikuwa na tiketi. Tiketi ilikuwa mfuko. Unakuja nao, na ndani umetia chochote cha kuuzwa kwa mnada siku ile, iwe blanketi, iwe ndimu moja. Waliosaidiwa nao walikuja na mifuko yao na ndimu zao, wakaketi katikati ya watu, wakapandisha bei kwa mdomo kama wengine. Hilo Bi Pindo alilipenda kuliko yote, kwamba siku ile moja hata anayepewa anakuwa mtoaji.

Mwalimu hakutaka kwenda. Alikuwa hajatoka nje ya geti miezi mitatu, akiogopa kujikwaa watu wakamwona. Bi Pindo ndiye aliyembembeleza. Alimwambia ukumbi ni ule ule wa shule yake, anaujua kwa miguu. Alimwambia watu wanamuulizia. Alimwambia atamshika mkono mwanzo hadi mwisho. Siku yenyewe alimkuta amevaa gauni la bluu la siku ya kustaafu, ananukia sabuni, na ndani ya mfuko wake wa kaki ametia boksi zima la chaki, halijafunguliwa, alilolihifadhi tangu mwaka alioacha kazi.

"Yupo atakayelitaka," alisema. "Watoto hawaishi."

Ukumbi ulijaa hadi watu wakaketi madirishani. Mbele kabisa waliketi wageni watatu ambao Bi Pindo hakuwajua, wenye viatu visivyo na vumbi, na kando yao mpiga picha aliyetundika kamera shingoni. Bi Pindo alimketisha Mwalimu safu ya tano, pembeni ya Mama Pacha, kisha akaitwa nyuma kusaidia kupanga vitu vya mnada. Alimwambia Mwalimu anakwenda na kurudi. Akaondoka.

Bi Hodi alishika kipaza sauti. Alijua kusema, huyo. Aliwasalimu wakubwa kwa wadogo, akatania fundi baiskeli na spana zake, watu wakacheka. Kisha akaomba kila mtu ainue mfuko wake juu, wageni waone. Ikainuka mia mbili na ushei, kaki tupu, kama shamba limeota ghafla ndani ya ukumbi. Wageni wakapiga makofi. Bi Pindo, kutoka kule nyuma, alijiona amejaa kifua. Mifuko yote hiyo ilipita mikononi mwake.

"Sasa," alisema Bi Hodi, "kila mtu atazame chini ya kishikio. Asiye na uzi wa kijani ashushe. Mwenye uzi wa kijani abaki ameinua."

Ukumbi ukachangamka. Watu walidhani ni bahati nasibu. Waligeuza mifuko huku na huku, wakatazamiana, wengine wakasonya kwa kukosa. Mama Pacha alitazama wake, hamna. Akatazama wa Mwalimu.

"Mwalimu, wewe unao!" alisema. "Umeshinda. Shikilia hapo hapo, usishushe."

Mwalimu akatabasamu. Akaunyosha mkono vizuri zaidi, na boksi la chaki lina uzito wake, lakini ukabaki juu.

Bi Pindo alikuwa amebeba blanketi mikononi. Alitaka kupiga kelele asijue apige ipi. Na kabla hajapata neno, Bi Hodi alikwisha kuwageukia wageni, sauti imelainika, mkono kifuani.

"Wageni wetu wapendwa, mliniuliza wako wapi wale tunaowasaidia. Hawa hapa. Hawa kumi na wanne ndio tunaowalisha."

Kicheko kilikatika kama uzi. Mfuko mmoja ulishuka, wa pili ukashuka, muuza mkaa akauingiza wake chini ya kiti na kuukanyagia kwa miguu miwili. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni aliukalia. Watu waligeuza macho, kisha wakayarudisha, maana macho hayana pazia. Mama Pacha, mwenye ulimi wake ule, alikuwa amejifunika uso kwa mfuko wake.

Mkono mmoja tu ulibaki juu. Mwalimu hakuwaona wenzake waliposhusha. Maneno aliyasikia, lakini yalimfikia polepole kama maji yanayopanda ndani ya kitambaa, na tabasamu lile lilibaki usoni baada ya sababu yake kuondoka. Mpiga picha alimwendea moja kwa moja. Taa ya kamera ikamulika mara ya kwanza, mara ya pili. Mwanga Mwalimu alikuwa anauona.

Bi Pindo aliliacha blanketi likaanguka, akapita kati ya viti akiwakanyaga watu vidole, akamfikia, akamshika kwenye kiwiko.

"Shusha mkono, Mwalimu," alimwambia sikioni. "Shusha, ni mimi."

Mkono ukashuka. Ulikuwa wa baridi, na mzima umekakamaa kama ubao.

Alimketisha nje ya ukumbi, kwenye benchi la chini ya kengele ya shule, akamwomba Nesi akae naye. Mwenyewe alirudi ndani, akamkuta Bi Hodi kwenye stoo ya mipira na mafagio, anakunywa maji ya chupa. Bi Hodi alimwona akiingia, akaweka chupa chini.

Alianza kusema yeye kwanza. Alieleza kwamba kwa miezi miwili unga ulikuwa hauwatoshi wale watu kumi na wanne, ulikuwa unawatosha tisa, na kwamba wale watano waliokosa ni yeye aliyewapelekea cha nyumbani kwake bila kumwambia mtu. Milango yote imezoea hodi yake, alisema, haifunguki tena. Hawa wageni wako tayari kuleta lori zima la unga kila mwezi kwa mwaka. Lakini hawatoi kwa hewa. Wanataka sura.

Bi Pindo alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mtu wa kusikiliza.

"Wasichana wanachanganya dawa," alisema kisha. "Ulinitazama machoni ukaniambia hivyo."

"Ningekuambia kweli, ungekubali?"

"Nisingekubali."

"Unaona."

"Kwa hiyo ukaniacha nishone."

"Ningempa fundi mwingine ungeuliza maswali," Bi Hodi alisema, na hapo ndipo sauti yake ilipopungua. "Kwako nilijua hutauliza."

Bi Pindo aliyatazama mafagio yaliyoegemezwa ukutani, moja, mawili, matatu, moja halina mpini. Tangu waolewe, miaka thelathini na kitu, alikuwa akidhani kutoulizana ndiyo mapenzi yenyewe. Kumbe mwenzake alikuwa ameuona kama mlango usio na komeo.

"Yule alikufundisha na wewe kusoma," alisema.

"Ndiyo sababu nataka ale."

Bi Pindo alitoka stooni. Baadaye, akilirudia rudia neno hilo peke yake kibarazani, kilichomuuma zaidi ni kwamba halikuwa uongo.

Walirudi nyumbani kwa miguu, Mwalimu amemshika kiwiko. Njiani aliuliza tu kama wamefika kwenye mtaro. Walipofika mlangoni aliutoa mfuko begani, ule mfuko mtupu, maana boksi la chaki lilikuwa limedondoka ukumbini katika vurugu. Akakitafuta kishikio. Akapitisha kidole chini yake, polepole, kutoka mwanzo wa mstari hadi mwisho, kama anayesoma.

"Huu si wa mashine," alisema.

"Si wa mashine."

"Hatua ndogo. Unarudi nyuma kila hatua."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Ni mkono wako."

Miaka yote ya darasani Mwalimu alikuwa akitambua mwandiko wa kila mtoto hata daftari likikosa jina. Bi Pindo alikuwa na jibu, na lilikuwa la kweli, lakini kinywani lilikuwa na ladha ile ile ya uongo.

"Ni mkono wangu. Lakini sikujua wa nini, Mwalimu. Nilimwamini mtu."

Mwalimu alitikisa kichwa taratibu, kama anayekubali hesabu iliyopatikana.

"Na mimi nilimwamini mtu," alisema.

Akaingia ndani. Komeo likavutwa, na Bi Pindo akasimama pale akilitazama pindo la pazia alilolikunja mwenyewe mara mbili.

Lori lilikuja, hilo tuseme kweli. Unga ukajaa stoo. Watu wakashiba ambao hawakuwa wanashiba. Na picha ya Mwalimu, mkono juu na tabasamu lile, ilibandikwa kwenye ubao wa dukani kuwashukuru wageni, ikatembea pia kwenye simu za watu. Wanafunzi wake wa zamani wakaanza kumiminika getini kwake, watu wazima na magari yao, wamebeba mikate na matunda, wakisema kwa sauti kubwa jinsi walivyosikitika. Hakumfungulia hata mmoja. Mikate ikakaa getini mpaka paka wakaikuta.

Wiki ya pili Bi Pindo alimwona seremala akipita na mkokoteni, na juu yake kabati la vitabu la Mwalimu, lile lenye milango ya vioo. Wiki ya tatu ikapita meza. Akaelewa kwamba Mwalimu ameamua kula nyumba yake kipande kwa kipande kuliko kula kilichopigiwa picha. Alimpikia chakula akakitia kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, sio kwenye mfuko, akakiweka mlangoni, akagonga, akaenda zake. Kesho yake ndoo ilikuwa pale pale, mfuniko haujaguswa.

Kisha Nesi akamletea kitu kilichofungwa kwa gazeti. Ulikuwa mfuko wa kaki, umefuliwa, umepigwa pasi, umekunjwa mara nne. Chini ya kishikio uzi wa kijani haukuwepo. Mwalimu alikuwa ameufumua kwa wembe, yeye asiyeona hata ncha ya kidole chake. Lakini mshono wa kurudi nyuma haufumuki kirahisi, hasa ulioshonwa na mtu aliyeambiwa ashone imara, na wembe ulikuwa umekosea njia mara nyingi. Kaki ilikuwa imetobolewa tobolewa. Pembeni mwa tundu moja palikuwa na doa dogo la rangi ya kahawia ambalo sabuni haikulitoa.

Bi Pindo aliutundika kwenye msumari juu ya cherehani. Wateja waliuliza, akawaambia ni kazi yake.

Ulikuwa bado unaning'inia pale asubuhi Bi Hodi alipokuja. Alipiga hodi kama kawaida yake, ile hodi ndefu yenye mkia. Kwa miaka yote hiyo Bi Pindo alikuwa akijibu karibu kabla haijaisha. Siku hiyo aliinua mguu kutoka kwenye kanyagio, akakaa.

"Nani?" aliuliza.

Sauti ile aliijua kuliko ya wanawe, na mwenye sauti alijua kwamba anaijua.

Bi Hodi aliingia hata hivyo, na kibunda kikubwa cha uzi wa kijani mkononi. Alieleza kwamba wageni wamefurahi, wameongeza idadi iwe arobaini, na kwamba safari hii hakuna la kuficha, watu wataambiwa wazi kabla. Alisema mengi mazuri. Katikati ya kusema akauona mfuko kwenye msumari, akausogelea, akaona matundu, akaligusa moja kwa kidole. Bi Pindo alichukua uzi wa kijani kutoka mkononi mwake, akatafuta ncha yake iliyokuwa imelegea, akaizungusha vizuri isije ikachanganyika njiani, akamrudishia.

"Mashine yangu haishoni rangi hii," alisema.

Hawakugombana. Ingekuwa nafuu. Bi Hodi alitoka, akasimama kidogo kizingitini kama mtu aliyesahau kitu, kisha viatu vyake vikasikika vikishuka ngazi.

Jumamosi iliyofuata Bi Pindo hakubeba mfuko wa mtu yeyote. Alikwenda shuleni, akamwomba mlinzi amfungulie ukumbi, akatafuta chini ya viti vilivyopangwa ukutani. Boksi la chaki lilikuwa limepigwa teke hadi kwenye kona, pembe moja imebonyea, lakini halijafunguka. Akalifuta vumbi kwa khanga yake, akaenda nalo.

Aligonga. Ndani kulikuwa na mwangwi ambao hapo zamani haukuwepo, mwangwi wa chumba kisicho na kabati.

"Nani?"

"Ni mimi, Mwalimu."

Alisikia fimbo ikigusa sakafu, ikaja hadi karibu na mlango, ikasimama.

"Umebeba nini?"

"Chaki zako. Zilibaki ukumbini."

Komeo liliguswa. Bi Pindo alilisikia likicheza kidogo kwenye pete yake, chuma kwa chuma, halafu likatulia.

"Zimevunjika?"

"Sijafungua. Ukizitikisa hazilii."

Fimbo ilipapasa sakafu karibu na kizingiti.

"Usiziweke chini," alisema hatimaye, kutoka ndani. "Sakafu ina unyevu. Zishike."

Bi Pindo aliketi kwenye ngazi, akaliweka boksi mapajani, akalifunika kwa pindo la khanga. Fimbo haikurudi ndani. Alijua Mwalimu amesimama pale, upande wa pili wa ubao wa mlango, kwa sababu chini ya mlango kivuli cha miguu miwili hakikuondoka. Jua lilipanda, likafika kwenye magoti yake, na yeye akaendelea kuzishika.